Kufuli la Alhamisi

Ilikuwa Alhamisi kwa mara ya tisa walipomuua pacha wangu.

Naanza hapo nikijua kwamba mtu asiyeujua mji wetu atadhani nimekosea kuhesabu. Sijakosea. Katika mji wetu siku haikuletwa na jua. Jua lilichomoza na kuzama kama popote pengine, lakini siku ililetwa na Jumba lililotutawala, nalo liliileta kupitia simu. Kila mkazi alipewa simu moja akitimiza miaka kumi na miwili, na tangu hapo simu hiyo ndiyo iliyomwambia leo ni siku gani, aingie mlango upi, aongee na nani, na ameona nini. Ndiyo, hata alichokiona. Ukiona jambo na simu ikakwambia hukuliona, baada ya siku chache unakuwa huna hakika. Baada ya mwezi unamcheka anayedai aliliona. Ndani ya kila simu kulikuwa na kufuli, na nyuma ya kufuli kulikuwa na vyumba ambavyo mwenye simu haruhusiwi kuingia. Simu yangu, mfukoni mwangu, imejaa mambo yangu, na mimi sina ruhusa. Nilikaa na jambo hilo miaka ishirini na sita bila kuliona la ajabu.

Naitwa Pazi. Pacha wangu aliitwa Shomvi. Tulikuwa wachinjaji, sote wawili, katika machinjio ya mji. Sura moja, sauti moja, kovu moja kila mtu kwenye kidole gumba cha kushoto, maana kisu kilitufundisha kazi kwa namna moja. Mama yetu alitutofautisha kwa nyayo tu. Alhamisi ilikuwa siku ya kuchinja na Ijumaa siku ya kupumzika, na hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka juma lile ambalo tuliamka Alhamisi, tukachinja, tukalala, tukaamka, na simu zikasema ni Alhamisi.

Ng'ombe wakaletwa tena. Tukachinja tena. Tulidhani ni hitilafu, na hitilafu hurekebishwa. Alhamisi ya nne mikono ilivimba hata vidole havikukunjika vizuri kwenye mpini. Alhamisi ya sita mtaro wa damu uliziba, na damu ikapanda taratibu hadi kwenye vifundo vya miguu, vuguvugu, nzito, ikituvuta viatu. Mkude, aliyekuwa akichuna ngozi karibu yangu, alijikata ncha ya kidole akaendelea kuchuna bila kugundua, na mimi nikaiona ncha ile ikielea nikaiacha ielee. Nyama ilikuwa nyingi kuliko midomo ya mji mzima. Ilirundikwa uani ikaoza, lakini Alhamisi ni siku ya kuchinja, na ilikuwa Alhamisi.

Mara ya tisa Shomvi aliweka kisu chini. Hakukitupa. Alikiweka juu ya ukingo wa zege, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema leo ni Ijumaa na yeye anakwenda nyumbani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai imepoa.

Walinzi wa Jumba walikuja sita. Aliyewaongoza aliitwa Afande Ngwale, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Hawakuja na silaha, walitumia kulabu zetu wenyewe, zile za kutundikia nyama. Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa nimeshalisema hili kwa urefu mahali pengine na haikunisaidia. Walimwangusha kwanza kwa kumkita kulabu nyuma ya goti. Wakamburuta kwenye damu ya ng'ombe mpaka haikujulikana ipi ni damu yake. Walipomaliza walimtundika kwenye reli, kichwa chini, katikati ya nyama nyingine, na reli ikaendelea kutembea.

Tulikuwa watu sitini uani. Nami nilikuwepo. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, leo naiacha. Nilisimama hatua mbili kutoka alipoangukia, nyuma ya mlango wa zizi, kisu mkononi, na sikusogea. Nilikumbuka kwamba nilinyamaza tu. Hivyo ndivyo nilivyokumbuka.

Jumba lilitangaza kwamba mchinjaji mmoja alipigwa teke na fahali. Alhamisi iliyofuata niliwakuta watu watatu waliokuwa wamesimama ubavuni mwangu siku ile wakibishana rangi ya fahali.

*

Mimi ndiye niliyemwosha. Mkewe, Tunu, alinipa shati lake nilichome moto, na kwenye mfuko wa kifuani nikaikuta simu, imeganda damu, bado hai. Nilipoipangusa kioo na kuinua, ikanitazama usoni kidogo, kisha ikafunguka na kuandika: Karibu, Shomvi.

Nilikaa chini.

Ni jambo gani hilo linalomfanya mtu awe yeye? Simu ilitaka uso, nikaupa uso, ikaridhika. Mji mzima ulitaka uso pia. Siku zile watu njiani waliniita Shomvi na kushtuka, kisha wakaniita tena Shomvi kesho yake, ambayo nayo ilikuwa Alhamisi, siku ambayo Shomvi alikuwa hai asubuhi. Kama siku ni ileile, nani aliyekufa? Nilipita mbele ya kioo cha kinyozi nikamwona amesimama. Nilimuuliza kama ni yeye. Midomo yake ikauliza pamoja na yangu. Nilianza kufikiri kwamba labda waliomuua walikosea mtu, au hawakukosea, ila mimi ndiye niliyekosea kubaki.

Ndani ya simu ile kulikuwa na sauti alizomrekodia mkewe akiwa kazini, thelathini na moja. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa kijivu. Haukuwa na jina. Ulikuwa na urefu tu, dakika kumi na nne, na siku, Alhamisi. Nilipougusa, simu ikasema: Kumbukumbu hii haipo, kwa usalama wako.

Kumbe aliiwasha simu irekodi kabla ya kuweka kisu chini. Alijua. Alikwenda kufa akiwa amemwacha shahidi mfukoni, na Jumba likamchukua shahidi likamfungia chumbani.

*

Watu wa machinjioni walimjua fundi mmoja wa simu aliyejificha katika ghala la ngozi, mahali ambapo harufu iliwafukuza walinzi. Aliitwa Mwasiti. Zamani alikuwa mfanyakazi wa Jumba, yeye na wenzake ndio waliotengeneza makufuli. Baadaye akawa anayavunja. Nilipomfikia alinionyesha mikono. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimepondwa na walinzi kwa nyundo, kimoja kimoja, juu ya meza yake mwenyewe, na vilipona vikiwa vimepinda kila kimoja na upande wake.

Akasema kuvunja kufuli la simu si kazi ngumu, lakini yeye hawezi tena kushika waya. Nikitaka livunjwe, nitalivunja mwenyewe, yeye akinielekeza. Nikamwambia sijawahi kufungua kitu chochote maishani isipokuwa mnyama.

Alinieleza bila kupamba. Kila kufuli lina ufa, na ufa wa toleo lile la simu aliujua. Kwa anayeanza, alisema, makosa ni mawili: haraka na woga. Betri iwe imejaa zaidi ya nusu. Waya usitingishike tangu mwanzo hadi mwisho. Simu ikiuliza kama unataka kuiboresha, usikubali hata ikikubembeleza. Ikifanikiwa, vyumba vyote vitafunguka, lakini hata nje hapatakuwa na mlango, kila mwenye nia mbaya ataweza kuingia, na Jumba halitaitambua simu hiyo tena wala aliyeibeba. Ikishindikana, simu itakufa. Haitawaka tena. Itakuwa kipande cha tofali.

"Ngapi hufa?" nikauliza.

"Kwa mikono yangu ya zamani, moja kati ya kumi. Kwa mikono ya mtu anayeanza, sijui. Sijawahi kumwachia mtu."

Na kulikuwa na jambo jingine. Jumba lilikuwa limetangaza kwamba Ijumaa itakuja. Kesho yake saa sita mchana kila simu ingeuliza swali moja, na kila mkazi angebonyeza Nakubali, na hapo siku ingegeuka. Watu walilia kwa furaha barabarani. Mwasiti alijua kilichokuwa ndani ya Nakubali hiyo: ufa ungezibwa, na mistari yote ya kijivu ingefutwa. Mji mzima uliingoja Ijumaa kama mgonjwa anavyongoja maji, na mimi peke yangu nilihitaji Alhamisi iendelee.

Nilirudi kwa Tunu kumwomba ruhusa, maana simu ilikuwa yake kuliko yangu. Alikuwa ameketi jikoni, simu ya mumewe, niliyomfungulia na kumwachia, ikiwa sikioni, anasikiliza zile sauti. Nilimweleza yote. Alikataa kabla sijamaliza.

Akasema anajua mumewe alikufaje, hahitaji kusikia. Anachohitaji ni zile sauti thelathini na moja, na simu hairuhusu kuzinakili, na mimi namtaka aziweke rehani ili tusikie mtu akipigwa. Aliniuliza kama nina wazimu. Nikamjibu kwamba bila ile rekodi, baada ya mwezi na yeye ataanza kuuliza rangi ya fahali. Akanipiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyekwisha kuanza kuuliza.

Mkaa ukawa majivu. Kisha akasema, "Shemeji, una sauti yake."

Sikuelewa. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Kama haziwezi kunakiliwa kwenye kitu, zinakiliwe kwangu. Nikizijua zote thelathini na moja, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, ataniruhusu.

Tulianza pale pale. Ya kwanza ilikuwa hivi: Tunu, yale maharage ya jana usiyamwage, nitayala nikirudi. Nikasema. Akasema hapana, yeye huvuta pumzi kabla ya nitayala. Nikavuta pumzi. Ya pili ilikuwa kuhusu bati linalovuja. Ya tisa alikuwa anacheka tu, na ilibidi nijifunze kucheka kule. Tulifika ya ishirini, na Tunu alikuwa amefumba macho, ananijibu. Ananijibu mambo ya kweli, ya mume na mke, na mimi nikamjibu mambo ambayo hayakuwa kwenye simu, na sijui yalitoka wapi. Nilihisi naondoka ndani ya mwili wangu kama mpangaji anayeambiwa mwenye nyumba amerudi. Nikaacha. Nikamwambia mimi ni Pazi. Akafumbua macho, akanitazama kwa chuki safi kabisa, akasema, "Najua. Endelea."

*

Asubuhi nilirudi ghalani. Ngozi mbichi zilipangwa hadi darini zikiwa zimemwagiwa chumvi, na inzi walikuwa wengi kiasi kwamba mlio wao ulifanana na mtambo. Mwasiti alikuwa ameweka kompyuta kuukuu juu ya rundo la ngozi. Betri ya simu ilikuwa zaidi ya nusu. Aliniambia nichomeke waya, nikachomeka. Nishikilie vitufe viwili nikihesabu hadi kumi, kisha nikiache kimoja. Mikono yangu, iliyowahi kutenganisha moyo na mapafu bila kuvichana, ilishindwa kuachia kitufe kwa wakati. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nilikosea. Simu ikasema: Shomvi, unaonekana una tatizo, ungependa kuboresha? Nikakataa. Ikauliza tena, kwa herufi kubwa zaidi. Nikakataa. Mara ya tatu kioo kikawa cheusi, na mstari mwembamba mweupe ukaanza kutembea kutoka kushoto.

"Sasa usipumue juu yake," akasema Mwasiti.

Mstari ulitembea polepole. Nikawaza, haya ndiyo niliyoyaishi: kutazama kitu kikipita mbele yangu bila kunyoosha mkono. Nikajiuliza kwa nini hasa nataka kufungua. Nilimwambia Tunu ni kwa ajili ya ukweli. Nilimwambia Mwasiti ni kwa ajili ya mji. Lakini anayefungua tumbo la mnyama hajui atakuta nini mpaka ameshafungua, na ukishafungua huwezi kushona. Niliogopa. Nilitaka. Vyote viwili vilikuwa na uzito mmoja, na mstari ulikuwa umefika katikati.

Mlango ulivunjwa kwa teke. Afande Ngwale aliingia peke yake. Alikuwa na kulabu. Macho yake yalikuwa mekundu na ndevu zimemwota ovyo, na nilipomwona akisimama pale akiyumba kidogo, niligundua kwamba na yeye alikuwa kazini tangu Alhamisi ya kwanza, maana zamu ya walinzi hubadilishwa Ijumaa. Alinitazama akarudi nyuma hatua moja. Alidhani anamwona yule aliyemtundika.

"Wewe nilikumaliza," akasema.

Mwasiti alisimama kati yetu. Ngwale alimpiga kwa mpini wa kulabu, na nikasikia taya lake likivunjika, mlio mdogo mkavu. Akaanguka juu ya ngozi. Ngwale akainua kulabu tena, safari hii ncha mbele, na mimi nilikuwa nimeshikilia waya kwa vidole viwili. Nikiuachia, tofali. Sauti thelathini na moja, tofali. Dakika kumi na nne, tofali. Nikishikilia, nitatazama tena.

Niliuachia.

Sitasema nilikuwa shujaa. Niliingia chini ya mkono wake jinsi tunavyoingia chini ya shingo ya fahali, nikachomoa kisu changu cha kazi mkandani, nikakipitisha nyuma ya kisigino chake cha kulia, pale ambapo mshipa unajitokeza kama kamba. Ulikatika kwa mlio. Akaenda chini kwa uzito wake wote, na akiwa chini alinikita kulabu begani, ikaingia, ikashika mfupa, akanivuta kwake. Tulikuwa uso kwa uso. Nilimpiga kwa kichwa mara nyingi, sikumbuki ngapi, mpaka pua yake haikuwa tena kitu cha kupiga. Kisu kilikuwa mkononi. Shingo ilikuwa wazi. Ni kazi ambayo nimeifanya maelfu ya mara, na mkono wenyewe ulikuwa umeshaanza safari.

Ngwale akasema kwa kinywa kilichojaa damu, "Maliza, nikalale."

Mkono ukasimama. Sijui kama ilikuwa huruma. Nadhani nilikataa tu kuchinja tena siku ile. Nilivua mkanda wangu nikamfunga pajani damu isimwishe, nikang'oa kulabu begani mwangu, na ndipo nilipogeuka kuitazama simu, nikijua imeshakufa.

Mwasiti alikuwa amejikunja juu yake. Alikuwa ameubana waya kati ya viganja viwili, kama mtu anayeomba dua, vidole vyake vilivyopinda vikielekea huku na huku, damu ya taya ikimdondokea mikononi. Hakutingishika. Sijui tangu lini. Mstari mweupe ulikuwa umefika mwisho.

Simu ikawaka. Haikunikaribisha kwa jina lolote.

*

Nilimfunga Mwasiti taya kwa kitambaa, akanisukuma kwa kiwiko kuelekea mlangoni. Nilimkuta Tunu amesimama nje ya nyumba yake. Hakuuliza kuhusu bega langu. Aliangalia kwanza zile sauti, na zilikuwepo zote, akashusha pumzi. Kisha akagusa ule mstari, ambao haukuwa tena wa kijivu.

Tulisikiliza tukiwa tumesimama. Mlio wa reli. Maji. Shomvi anasema leo ni Ijumaa. Viatu vinakuja. Goti. Yaliyofuata yalichukua dakika nyingi, na Tunu hakufumba macho hata mara moja, alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja. Kisha Ngwale, anahema, anauliza wote waliopo uani: nani mwingine anasema leo ni Ijumaa?

Kimya. Reli. Halafu sauti, karibu sana, wazi kabisa:

"Leo ni Alhamisi, afande."

Ilikuwa sauti ya Shomvi. Hivyo ndivyo sikio lolote lingesema. Tunu aliachia nguzo. Aliniangalia, na usoni mwake kulikuwa na kitu kibaya kuliko maumivu, kulikuwa na nafuu iliyochanganyika na aibu.

"Kumbe mwishoni alikubali," akasema. "Masikini mume wangu. Alikubali na bado wakamuua."

Hapo nilikuwa na muda wa kutosha kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Uso mmoja, sauti moja, na mwenye kukanusha yuko kaburini. Hata mimi sikujua mpaka dakika ile. Nilikuwa nimekumbuka kimya, nilikuwa nimekiishi kimya, nilikuwa nimekililia. Jumba halikuhitaji kuniambia nimeona nini. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mwenyewe, ndani, bila simu.

"Si yeye," nikasema. "Huyo ni mimi, Tunu."

Alinipiga kwa simu ile ile. Alinipiga mdomoni, jino likatoka, akanipiga juu ya jicho, akanipiga kwenye bega lenye tundu, na mimi nilishikilia mikono nyuma. Alipochoka aliipangusa simu kwa upindo wa kanga, akaiweka mkononi mwangu, akasema, "Kawaambie wenzako. Yote. Usikate hata kidogo."

Ilikuwa inakaribia saa sita. Machinjioni watu walikuwa wamesimama wakiwa na simu mikononi, vidole gumba vikiwa tayari, wengine wanatabasamu. Nilipanda kwenye ukingo wa zege, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaiwasha. Nyuso zilibadilika moja moja. Mtu aliyekuwa amesema fahali alikuwa mweusi alishusha simu yake. Ilipofika ile sauti, nikasikia wakinong'ona jina la Shomvi, na wengine wakaanza kutikisa vichwa, wakipoa, kana kwamba sasa mambo yameeleweka. Nikaizima.

"Huyo si Shomvi. Ni Pazi. Mimi."

Pigo la kwanza lilitoka kwa Mkude. Lilinishusha kutoka kwenye ukingo, na baada yake sikujua yapi ni ya nani. Walinipiga kwa ngumi, kwa viatu, kwa ndoo. Nilisikia mbavu. Nilisikia simu zao zikianza kulia zote kwa pamoja, saa sita, zikiuliza swali lao, na watu wakiendelea kunipiga huku mifuko yao inalia. Kisha mapigo yakapungua, yakaacha, na mtu akanishika kisogo akaninyanyua, akaanza kuniosha uso kwa maji ya mpira. Lilibaki jicho moja linaloona. Alikuwa Mkude. Simu yake ilikuwa bado inamlilia mfukoni, hakuitoa. Mikono yake ilikuwa na vidole tisa na nusu.

Aliinama mpaka sikioni mwangu ili wenzake wasisikie.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi nimesikika humo?"

Nikamwambia hapana. Yeye hakusikika kabisa.

Alikaa chini kwenye maji ya damu, mgongo kwenye zege. Kisha akaomba tuirudie tangu mwanzo.